Maji Yaliyokataa Kutoka



Juma hili tafakari yangu sikuipata vitabuni, bali jikoni mwa nyumba ya mapadre, nikiwa nimepiga magoti mbele ya mashine ya kuoshea vyombo. Mashine hiyo tuliachiwa na wamisionari waliotutangulia, nayo imezeeka hata maandishi ya vitufe vyake yamefutika. Huwa tunaitumia siku za wageni tu. Jumatatu, baada ya chakula cha mchana cha mapadre wa dekania, niliifungua nikakuta maji machafu yametuama chini, mafuta yakielea juu yake.

Kabla ya kuchunguza lolote nilimgeukia mama mpishi wetu, aliyewapikia maparoko watatu kabla yangu. Nilimwambia mbele ya wageni kwamba ameiziba mashine kwa kuweka vyombo vyenye mabaki ya chakula, na kwamba gharama ya fundi itatoka katika mshahara wake. Alijibu, "Sawa, Baba," akaanza kuosha sahani kwa mikono.

Fundi wa mashine za namna hii hapatikani mjini kwetu. Hivyo Jumatano mchana nilikunja mikono ya shati. Kwanza nilichomoa plagi, kwa maana maji na umeme havichezewi, nikayateka maji kwa kikombe na kumalizia kwa sponji. Kisha nikalitoa chujio, ambalo huzungushwa kinyume cha mwendo wa saa hadi liachie. Nilitazamia kulikuta limejaa wali na miba ya samaki; hata maneno ya kumwambia mama yule nilikuwa nimeyaandaa. Lilikuwa safi, limesuguliwa kwa brashi hadi pembeni. Nakiri kwamba sikufurahi.

Nikaivuta mashine kutoka ukutani ili niutazame mpira wa kutolea maji. Mpira huo haupaswi kukunjika, tena ni lazima upandishwe karibu na kimo cha sinki kabla ya kushuka kwenye bomba, la sivyo maji machafu ya sinki yaweza kurudi ndani ya mashine. Wetu ulikuwa umekaa vizuri. Nikaufungua pale unapoungana na bomba la sinki, mahali ambapo mafuta hupenda kuganda. Napo palikuwa wazi.

Ikabaki pampu. Nilimimina maji kidogo, nikaiwasha mashine, nikatega sikio. Pampu ikikaa kimya kabisa, huenda umeme hauifikii au imeungua. Ikivuma bila maji kusogea, mara nyingi kuna kitu kimeikamata. Yetu ilivuma. Nikachomoa plagi tena, nikateka maji tena (magoti yangu hayakupendezwa), nikafungua kifuniko kidogo kilicho chini ya mahali pa chujio, nikavaa glavu na kuzigusa panga za pampu. Zilikataa kuzunguka. Kwa koleo nilichomoa kipande cha glasi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, chenye mstari wa buluu.

Kipande hicho nilikifahamu. Usiku wa siku ya Kipaimara, wenzangu wakiwa wamekwisha kulala, nilisukuma kichanja cha mashine kwa haraka nikavunja glasi moja. Niliokota vipande, nikalitoa chujio na kulikung'uta, na bila shaka hapo ndipo kipande kimoja kilipoteleza kwenye pampu. Vingine nilivifunga katika gazeti nikavitupa, wala sikumwambia mtu. Nilijiambia kuwa ni glasi tu.

Mashine hizi zina historia yenye kichekesho. Josephine Cochrane, mwanamke wa Shelbyville, Illinois, huko Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wa mashine yake mwaka 1886 na kuionyesha katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Inasimuliwa kwamba alianza kuibuni kwa sababu alichoshwa na watumishi waliomegua vyombo vyake vya kaure. Basi kilichozaliwa na lawama juu ya watu wa jikoni, nami nimekitumia kulaumu vilevile, mvunjaji nikiwa mimi mwenyewe.

Misa ilikuwa saa kumi na moja jioni. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, Bwana anamwagiza mwenye sadaka aiache mbele ya altare, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Sehemu hiyo nimewahubirieni mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Nilinawa mikono nikatoka uani, nikamkuta ameketi akichambua mchele. Nikamwekea kile kipande katika ungo na kusema, "Mama, nimekukosea." Nikamweleza yote, na kwamba hakuna kitakachokatwa mshaharani, na kwamba mapadre wale nitawaandikia mmoja mmoja. (Barua zimekwisha kwenda.)

Alikitazama kipande, akakiweka kando asije akakipika.

"Najua, Baba. Glasi zilikuwa sita. Asubuhi ile nilihesabu tano."

"Mbona Jumatatu hukusema?"

"Ungenisadiki, Baba?"

Akarudi kwenye mchele wake. Nami nikasimama pale hadi kengele ya Misa ilipopigwa.