Kabla ya Route 66 kulikuwa na matope na wafanyabiashara

Wacha niseme mapema ili mnitukane mapema: Route 66 imesifiwa kupita kiasi. Kila mtu wa video za safari ana ile picha moja kichwani. Gari jekundu lisilo na paa, jangwa, miwani ya jua, nywele zinapepea. Tumeuziwa hiyo picha hata sisi ambao safari yetu ndefu ni basi la usiku la kwenda Mombasa.

Wiki tatu sasa nafuata barabara za kwanza za magari za Marekani kwenye Google Maps, kipande kwa kipande, bando ikiisha nanunua ingine. Na stori ninayoipata si ya uhuru. Ni stori ya nani alikuwa na nguvu ya kuvuta laini kwenye ramani.

Anza na 1912. Kuna jamaa wa Indianapolis anaitwa Carl Fisher. Alitajirika kwa taa za magari na ni mmoja wa walioanzisha uwanja wa mashindano wa Indianapolis. Sasa fikiria: taa ziko, magari yako, barabara hakuna. Ukitoka mjini ni matope. Mvua ikinyesha unamwita mkulima na farasi wake wakuvute. Fisher akaja na wazo la barabara ya mawe kutoka pwani hadi pwani, dola milioni 10, zichangwe na kampuni za magari na vifaa vyake, iwe tayari kabla ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya 1915. Wengi wakaahidi pesa. Henry Ford akakataa katakata. Hoja yake: kampuni zikijenga barabara, wananchi hawatajifunza kuzilipia kwa kodi. Unaweza kumwita mchoyo, lakini enyewe alikuwa ameusoma mchezo, kwa sababu mwishowe ni kodi ndiyo ilijenga.

Jina lilitoka kwa Henry Joy, bosi wa Packard. Akasema tuiite Lincoln Highway. Manze, hiyo ilikuwa akili. Nani angesimama mbele ya watu apinge barabara ya Lincoln? Mwaka 1913 njia ikatangazwa: kutoka Times Square, New York, hadi Lincoln Park, San Francisco, maili 3,389, yaani kama kilomita 5,450.

Hapo ndipo nilipoanza kunogewa, kwa sababu njia ilipotangazwa vita vikaanza. Gavana wa Colorado na wa Kansas waliona wamerukwa. Colorado ikapigiwa kona, njia ikapinda kushuka hadi Denver kisha ikapanda tena. Kansas haikupata kitu. Ifikapo 1915 ile kona ya Denver nayo ikafutwa. Ukiangalia ramani ya 1913 unaiona kabisa, imekaa kama kiwiko, na haina maana yoyote ya uhandisi. Ni siasa imechorwa kwa wino.

Halafu pesa hazikutosha. Walichofanya ni kitu ambacho mtu yeyote wa mauzo angekipenda: walijenga maili moja moja ya zege katikati ya matope, saruji ikitolewa bure na viwanda. Wakaziita maili za mbegu. Ya kwanza ilimalizika 1914 karibu na Malta, Illinois. Unaendesha kwenye tope, ghafla gari linateleza kama liko sebuleni, dakika chache baadaye uko kwenye tope tena. Umeonjeshwa. Ukifika nyumbani unaanza kumsumbua mbunge.

Mwaka 1919 jeshi likatuma msafara wa malori kutoka Washington hadi San Francisco, sehemu kubwa ikiwa juu ya Lincoln Highway hiyo hiyo. Siku 62. Madaraja yalivunjika chini yao. Ndani ya msafara kulikuwa na afisa kijana anaitwa Dwight Eisenhower, na ndiye huyo huyo ambaye akiwa rais, 1956, alitia sahihi sheria ya barabara kuu za Interstate. Hakusahau yale mashimo.

Kufikia miaka ya 1920 kulikuwa na njia zaidi ya 250 zenye majina, kila moja na chama chake na rangi zake zilizopakwa kwenye nguzo za simu. Nguzo moja ingeweza kuwa na rangi za njia kadhaa. Serikali ikaamua namba. 1926 majina yakafa, na sehemu kubwa ya Lincoln Highway ikawa US 30. Cyrus Avery wa Tulsa alikuwa ameitakia namba 60 barabara ya Chicago hadi Los Angeles, kwa sababu namba zinazoishia na sifuri zilikuwa za wakubwa. Gavana wa Kentucky akaitaka 60 ipite kwake. Avery akashindwa, akachukua 66. Ndiyo, ile namba mnayovaa kwenye tisheti ilikuwa ya kufuta machozi.

Na uhuru wa barabarani? Victor Hugo Green, mtu wa posta aliyeishi Harlem, alianza kuchapisha Green Book mwaka 1936, kitabu cha kumwonyesha msafiri mweusi wapi anaweza kulala, kula na kuweka mafuta bila kufukuzwa. Kwenye Route 66 kulikuwa na miji ambayo mtu mweusi hakutakiwa kuonekana jua likizama. Kulikuwa pia na kituo cha mafuta cha familia ya Threatt, watu weusi, karibu na Luther, Oklahoma. Nionyesheni video moja ya gari jekundu inayosimama hapo.

Kitu kimoja tu kilinigusa kibinafsi. Glenrio, mpakani mwa Texas na New Mexico, iliishi kwa wasafiri. Miaka ya 1970 I-40 ikaipita pembeni, sasa ni moteli zilizobomoka. Mathe aliuza chai na chapati kwa madereva wa malori hadi bypass ilipofunguliwa, na kwa miezi miwili akaendelea kupika idadi ile ile ya chapati kila asubuhi. Tulizila sisi. Kwa hivyo nikiona watu wakipiga selfi kwenye moteli iliyokufa, mimi nawaza aliyekuwa akitandika vitanda.

Ukitaka kuanza kufuata, usianze na 66. Anza Tama, Iowa. Kuna daraja dogo la 1915, kingo zake ni herufi za zege zinazosomeka LINCOLN HIGHWAY. Street View inafika, nimeangalia. Wiki ijayo nashuka kusini na Dixie Highway, bado ni Fisher yule yule.