Kitabu Kisichoazimika

Mwezi wa Julai 2009 wasomaji kadhaa wa Marekani waliwasha vifaa vyao vya kusomea, vile viitwavyo Kindle, wakakuta kitabu walichokwisha kukilipia hakimo. Kampuni ya Amazon ilikuwa imekifuta kwa mbali na kuwarudishia fedha zao, kwa hoja kwamba aliyekitia sokoni hakuwa na haki nacho. Miongoni mwa vilivyofutwa ilikuwamo 1984 ya George Orwell, riwaya ambayo ndani yake maandishi yasiyotakiwa hutupwa motoni. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi mwezi uo huo.

Radhi ilipokewa, lakini siri ilikwisha kufichuka. Mnunuzi wa kitabu cha kielektroniki aghalabu hakimiliki. Amelipia ruhusa ya kukisoma tu, na ufunguo umebaki kwa muuzaji. Hawezi kukiazima kwa jirani wala kuwarithisha wanawe. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu Aprili 2019, vitabu vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka miezi michache baadaye. Fedha zilirejeshwa, na waliokuwa wameandika pambizoni wakaongezewa dola 25. Hiyo ndiyo thamani iliyokadiriwa ya fikra za msomaji!

Huku pwani maandishi yamedumu kwa njia nyingine. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840 bila ya kuchapisha hata ubeti mmoja. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyanakili, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor; diwani ikaja kutolewa na William Hichens mwaka 1940. Karne nzima yalipita kinywa kwa kinywa na mkono kwa mkono, na hapakuwa na mwenye ufunguo wa kuyazuia. Lau yangehifadhiwa katika duka moja tu, na duka likafungwa, lingesalia jina tupu.

Haya si kukilaumu kifaa. Kwa kisiwa ambacho kila kitabu hufika kwa meli au kwa ndege, kitabu kisicho na uzito ni neema, na mzee aliyechoka macho hukuza herufi akairudia diwani aliyokwisha kuiweka kando. Ubaya umo katika kufuli linalozuia kunakili, na kufuli si sharti la chombo. Tor, wachapishaji wa riwaya wa New York, waliliondoa mwaka 2012, na baada ya mwaka mmoja wakaeleza kuwa hawakuona wizi ukiongezeka. Hata Amazon humwachia mwandishi anayejichapishia achague mwenyewe.

Uchaguzi huo hufanywa kwa kubonyeza mara moja, mwandishi akiwa na haraka ya kukiona kitabu chake sokoni. Hofu ya kuibiwa humfanya achague kufuli, ingawa mshairi wa Kiswahili siku zote amesumbuliwa na uchache wa wasomaji kuliko wezi.