Mzazi Hasongwi

Tulifunga safari ya Shimoni mwishoni mwa likizo ya Agosti, demani ilipoanza na kusi ikalegeza ukali wake. Tulikuwa kina mama 7 na watoto 11. Baada ya Sala ya Alfajiri tulivuka Likoni, tukapita Ukunda na Msambweni, na kabla jua halijapanda sana tulikuwa tumeketi ndani ya jahazi, kila mtoto amevaa boya lake.

Ahadi tuliyowapa watoto ilikuwa moja: kuwaona pomboo. Bahari ya Kisite na Mpunguti, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini, ni makao yao. Haikupita saa moja wakatokea, mapezi yao yakipasua maji. Nahodha alipunguza mwendo wa mashine, akaenda sambamba nao bila kuwakata njia. "Wakitaka, watakuja wenyewe," alisema. Na kweli wawili walikuja, wakaogelea ubavuni mwa chombo, na watoto wakapaza sauti kwa takbiri.

Tulipofika nje ya mwamba tuliona mvuke mweupe ukiruka juu ya maji, kisha mwingine mdogo kando yake. Nahodha akazima mashine. Alikuwa nyangumi wa nundu, pamoja na mwanawe.

Watoto wetu humjua nyangumi kwa kisa cha Nabii Yunus, alayhi salaam. Siku ile walimwona kwa macho yao, mgongo mweusi ukiinuka taratibu kama kisiwa. Nyangumi hawa hujilisha katika bahari baridi za Antaktika, kisha husafiri maelfu ya kilomita kuja kuzaa katika maji yetu ya uvuguvugu. Mama hufikia mita 15, na mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 hivi. Huzaa, hunyonyesha na huvuta pumzi ya hewa kama sisi. Kwa muda wote awapo huku, mama hali ila kidogo mno, pengine hali kabisa. Maziwa ya mwanawe hutoka katika mafuta aliyoyaweka mwilini tangu huko kusini.

Hayo tuliyajua baadaye. Saa ile tulitaka tu kusogea. Tulimwambia nahodha kwamba tumetoka mbali, tumelipa nauli nzuri, na watoto hawaoni vyema. Mmoja wetu alimsihi, "Baba, sogea kidogo tu, tupate picha."

Nahodha akatikisa kichwa. "Mama zangu, mita 100 zatosha. Yule ni mzazi, na mzazi hasongwi."

Tulinung'unika. Kisha chombo kingine kikatokea kwa kasi, kikafanya yale yale tuliyokuwa tukiyaomba. Kilimwendea nyangumi moja kwa moja, abiria wamesimama na simu mikononi. Mama alijitia baina ya chombo na mwanawe, akapiga mkia, wakazama wote wawili. Tulingoja. Pumzi yao tuliiona tena mbali sana, wakiikimbia pwani ile walioijia kwa ajili ya utulivu.

Hakuna aliyesema neno. Kila mmoja wetu amewahi kuwa mzazi ndani ya siku arubaini, mlango umerudishwa na sauti zimepunguzwa, na mgeni mwenye adabu akiishia barazani. Heshima hiyo twaidai majumbani mwetu, na tulikuwa tayari kumnyima mwingine kwa ajili ya picha.

Njiani kurudi, nahodha alitueleza kwamba naye alikuwa mvuvi wa jarife. Usiku mmoja pomboo alinaswa katika wavu wake, akafa kwa kukosa pumzi kabla hajafikiwa. Wavu haubagui papa na pomboo, alisema, na wavu uliopotea baharini huendelea kuua bila mwenyewe kufaidika. Hakuficha pia kwamba hifadhi ilipoanzishwa katika miaka ya 1970, Kisite ikafungwa kwa uvuvi, na wazee wa hapa waliumia kupoteza maeneo yao ya riziki. Leo baadhi ya wana wao huishi kwa kupeleka wageni. Pomboo wakisumbuliwa hata wakahama, riziki hiyo nayo itahama.

Wasini tulipokewa na kina mama wenzetu. Wao ndio wanaosimamia njia ya mbao ipitayo juu ya mikoko na bustani ya matumbawe makavu, na kiingilio chake kidogo husaidia mahitaji ya watu wao. Tuliona fahari kulipa.

Tumaini lipo. Wanadamu waliwahi kuwavua nyangumi hadi wakakaribia kwisha. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi yao, na mwaka 1986 uvuvi wa biashara ukasimamishwa duniani. Nyangumi wa nundu wameongezeka tangu hapo. Mkono uliozuiliwa umezaa heri.

Mkono wetu nao una kazi. Qur'ani yatufundisha kwamba ufisadi wa bara na bahari ni chumo la mikono ya watu. Mfuko na chupa tuzitupazo mferejini huko Mombasa husombwa na mvua ya masika hadi baharini. Tangu Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa. Nasi tuifanye sheria hiyo kuwa ya majumbani. Na tukienda kuwatazama viumbe hawa, tumwambie nahodha mapema kwamba hatutaki asogee, ili asiogope kupoteza nauli kwa kuwa na adabu.

Allah atujaalie kuwa walinzi wema wa amana hii. Amin.