Tangi, Upepo wa Omo na Swali la Mama: Safari ya Uwanda wa Nullarbor



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetukunjulia ardhi tukaweza kutembea katika mapana yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunawachukua mbali na Pwani yetu, hadi kusini mwa Australia, katika njia itokayo Perth kwenda Adelaide. Tuliisafiri njia hiyo tukiwa wageni wa familia moja yenye asili ya Mombasa iliyolowea huko: baba, mama na watoto watatu. Tuliyoyaona yanahusu kila nyumba inayopakia watoto garini na kutoka safari. Je, ni nani anayejua mafuta yaliyomo yatafika wapi, na ni nani mwenye haki ya kuuliza?

Tuanze na nchi yenyewe. Ukishatoka Perth na kupita Coolgardie unafika Norseman, mji mdogo wa migodi. Kutoka hapo hadi mji wa Ceduna ni takriban kilomita 1,200, na katikati hakuna mji. Huko ndiko uliko uwanda uitwao Nullarbor, jina lililotokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "pasipo mti". Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 200,000. Ardhi ni ya mawe ya chokaa, mvua ikinyesha maji huzama chini, na juu hubaki vichaka vifupi vya rangi ya kijivu hadi upeo wa macho. Kuna kipande kimoja, baina ya Balladonia na Caiguna, ambapo barabara haipindi hata kidogo kwa kilomita 146. Mahali pengine lami imechorwa mistari ya kiwanja cha ndege, kwa kuwa madaktari wanaotibu kwa ndege hutua papo hapo barabarani panapotokea mgonjwa. Kusini, njia husogea karibu na bahari, na nchi hukatika ghafla kwa majabali marefu ambayo chini yake huvunjika mawimbi ya bahari kuu.

Barabara hiyo ilikamilika kutiwa lami mwaka 1976. Anayepita leo hutegemea vituo vilivyotawanyika kandokando yake, ambavyo kila kimoja ni pampu za mafuta, mkahawa na vyumba vichache vya kulala. Kutoka Norseman hadi kituo cha Balladonia ni kama kilomita 190. Kutoka hapo hadi Caiguna ni kama 180. Mbele zaidi, kutoka mpaka wa majimbo mawili hadi kituo kiitwacho Nullarbor, ni kama 185 nyingine. Mafuta huko ni ghali kuliko mjini, na maji matamu ni adimu hata vituoni. Saa nazo zina mambo yake. Sehemu ya Eucla hutangulia saa za Perth kwa dakika 45, kwa hiyo msafiri huangalia jua kwa ajili ya swala zaidi ya saa ya mkononi. Kibla ambacho sisi wa Mombasa tunakielekea kaskazini moja kwa moja, kule kiko magharibi kikiegemea kaskazini.

Wenyeji wetu walisafiri kwa gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko, kabati na choo kidogo ndani yake. Magari ya namna hii yana asili mbalimbali. Mengi ya Ulaya hujengwa juu ya Fiat Ducato, ambayo tangi lake la kawaida ni la lita 90. Huko Marekani kuna yanayojengwa juu ya Ford E-450, yenye tangi la galoni 55 za kwao, sawa na lita 208 hivi. La wenyeji wetu lilikuwa Toyota Coaster, gari lile lile ambalo huku kwetu hubeba wanafunzi na watu wa harusi. Viti vilikuwa vimeng'olewa na mahali pake pakawekwa nyumba. Tangi la Coaster huchukua lita 95.

Hapa ndipo wasafiri wengi hujidanganya. Mtu husikia lita 95 akadhani amejua safari yake. Lita ni kipimo cha chombo tu. Umbali hutokana na lita zikizidishwa kwa kilomita ambazo kila lita inakwenda, na hesabu hiyo ya pili hubadilika kila siku. Coaster iliyobeba nyumba, ikienda taratibu katika siku tulivu, yaweza kupata kilomita sita kwa lita. Ipakie maji, vyakula, mitungi ya gesi na watu sita, itateremka hadi tano. Ikipambana na upepo, yaweza kushuka hadi nne.

Sasa tutoe lita 20 ziwe akiba isiyoguswa, zibaki 75 za kutembelea. Kwa kilomita sita kwa lita utafika 450. Kwa tano utafika 375. Kwa nne utafika 300. Masafa baina ya kituo na kituo hayazidi 190, kwa hiyo mtu atasema hakuna tatizo. Lakini fikiria umefika kituoni usiku pampu zimefungwa, au umeme umekatika, au lori la kuleta mafuta halijafika. Itakubidi kwenda hadi kituo cha pili. Kutoka Norseman hadi Caiguna bila kutia mafuta Balladonia ni 190 na 180, jumla 370. Siku ya kilomita tano kwa lita utafika bila kugusa akiba, ukiwa na ziada ya kilomita tano. Siku ya upepo utakula akiba yote na kufika ukiwa umebakisha mafuta ya kilomita kumi. Mama wa nyumba ile alikuwa na kanuni moja aliyoiandika juu ya daftari lake: hesabu ya mafuta ifanywe kwa kituo cha pili, kamwe isifanywe kwa kinachofuata.

Daftari lenyewe lilikuwa rahisi, na kila msomaji anaweza kuwa nalo. Kila walipotia mafuta walijaza tangi hadi likakataa, na mama akaandika kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Walipojaza tena, aliandika lita zilizoingia na kilomita mpya. Akigawanya kilomita walizokwenda kwa lita zilizoingia, alipata kipimo cha kweli cha gari lake, akiwa na mzigo wake na katika barabara yake. Hakuutegemea mshale wa geji peke yake, kwa sababu katika magari mengi nusu ya kwanza huteremka polepole na nusu ya pili huanguka haraka.

Siku ya tatu upepo uligeuka ukawa wa mashariki, ukitupiga usoni. Mabaharia wetu huuita upepo wa omo. Gari-nyumba ni refu na pana kama kabati, na ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa dhidi ya upepo wa 30 hupambana na hewa kana kwamba linakwenda 120. Mama aliyaona hayo kwenye mshale kabla ya mumewe.

"Baba yao, mafuta yatatufikisha?" aliuliza.

"Inshaallah tutafika."

"Inshaallah nimeipokea. Nataka na kilomita."

Baba alicheka kidogo, kisha akasema kwamba msafiri hana budi kuwa na tawakuli. Halafu wote wawili wakatugeukia sisi tuliokuwa nyuma na watoto, wapate neno la sheikh.

Tuliwaambia jambo ambalo kila mwanafunzi wa chuoni amelisoma. Aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayowaamrisha mahujaji kuchukua masurufu, ina sababu ya kuteremka. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya chakula, wakisema kuwa wao ni wenye kutawakali. Wakifika Makka huanza kuomba watu. Wakaamrishwa wachukue masurufu. Basi aliyetoka bila ya hesabu akaiita tawakuli, mzigo wake ameuweka juu ya migongo ya wengine. Katika gari lile, wengine hao walikuwa ni mke na watoto watatu. Tukamwambia baba kwamba swali la mkewe halipunguzi imani ya mtu. Mwanamke anayeuliza mafuta yatafika wapi anauliza juu ya amana, na jawabu la amana hutolewa kwa idadi. Neno "inshaallah" hukaa mahali pake baada ya hesabu, likafunika yale tusiyoyaweza: tairi, mvua, mnyama kukatiza barabara. Tusilifanye kuwa pazia la kufunikia tuliyozembea kuyapima.

Baba hakubishana. Alipunguza mwendo kutoka 100 hadi 80, na kwa kufanya hivyo ukinzani wa hewa isiyo na upepo hupungua kwa zaidi ya thuluthi. Mama akapiga hesabu kwa kilomita nne kwa lita, akatangaza kwamba tutafika na kubakiwa na lita 30. Tulipofika kituoni walijaza tangi hata hivyo. Tangu siku hiyo tulimsikia baba mwenyewe akiuliza, "Mama, daftari linasemaje?"

Magari haya yana mafundisho mengine yaliyofichika. Katika magari-nyumba makubwa ya Marekani, jenereta ya kuendesha viyoyozi na vyombo vya ndani mara nyingi huvuta mafuta kutoka tangi lile lile la injini. Mafundi huuweka mdomo wa bomba la jenereta juu kidogo, aghalabu kwenye robo ya tangi. Yakishuka hapo jenereta hujizima, na yaliyobaki yawe ya injini peke yake. Starehe husimama kabla ya safari kusimama. Nyumba ngapi miongoni mwetu zingesalimika na madeni lau zingewekewa bomba kama hilo!

Wako wanaoona dawa ni kuongeza tangi la pili au kubeba majerikeni. Tangi la pili linafaa, lakini lita 100 za dizeli zina uzito wa zaidi ya kilo 80, na leseni ya kawaida ya gari huko Australia haivuki gari la tani nne na nusu likiwa na mzigo wake. Kila lita ya mafuta hushindana na lita ya maji ya kunywa na ya wudhu. Ama majerikeni, yasiwekwe kamwe mahali wanapolala watoto. Mvuke wa petroli hulevya na kushika moto, na jiko liko hatua mbili tu. Na anayesema atatembea hadi tone la mwisho ajue kuwa injini ya dizeli ikikauka huvuta hewa kwenye mabomba. Kuongeza mafuta peke yake huenda kusiiwashe, na pampu yaweza kuharibika.

Katika njia ile hatukuwa Waislamu wa kwanza. Kandokando ya lami kuna alama za njano zenye picha ya ngamia, kuwaonya madereva. Ngamia hao ni vizazi vya wale walioletwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1860, pamoja na wachungaji wao ambao wenyeji waliwaita Waafghani, ingawa wengi walitoka Balochistan, Sindh na Punjab. Dhahabu ilipopatikana Coolgardie mwaka 1892, misafara yao ndiyo iliyobeba maji na vyakula hadi migodini. Wengi walikaa miaka mbali na wake zao, na wengine wakaoa huko huko. Huko Adelaide walijenga msikiti baina ya 1888 na 1889, na ungali unaswaliwa mpaka leo. Malori yalipoingia, riziki yao ikakatika na ngamia wengi wakaachiliwa jangwani. Watu wale walivuka nchi kavu kwa kujua kila mnyama anabeba nini na kisima kinachofuata kiko wapi. Nahodha wetu naye hakung'oa nanga kabla ya kulikagua tangi la maji la chombo, wala hakuhesabu siku za upepo mzuri peke yake.

Wasomaji wetu, wachache kati yetu watamiliki gari-nyumba. Lakini likizo zinakuja, na wengi mtatoka na watoto kwenda Lamu, au kupitia Garsen na Hola hadi Garissa, au Isiolo hadi Moyale. Kabla ya dua ya safari, jazeni tangi. Wekeni daftari, na mwachieni mama au kijana mkubwa alishike. Pimeni kwa kituo cha pili, wekeni akiba, na upepo ukigeuka punguzeni mwendo. Tangi likifika nusu, na mbele hakuna mji, tieni mafuta pale mlipo. Akiba haiozi. Na mmoja wenu akiuliza kama mafuta yatatosha, ajibiwe kwa kilomita, kisha wote mseme inshaallah.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote na awarejeshe salama kwa jamaa zao. Amin.