Nyumba Ile Haikuwa Mpya, na Gauni Langu Pia

Leo sizungumzii singo wala hina. Nataka tuzungumze neno moja dogo, "mpya", na jinsi lilivyonitia aibu mimi mwenyewe nilipokuwa nimeshaanza kumlaumu mwenzangu.

Mdogo wangu wa mwisho aliposwa mwaka juzi. Mume ni kijana mwenye adabu zake, anafanya kazi hotelini Nungwi, harudi mjini ila siku zake za mapumziko. Harusi ilipangwa Mfunguo Mosi, na nyumba ilikuwa juu yake kama ilivyo ada. Akanipigia simu: "Dada, wewe unajua watu, nisaidie kutafuta. Kodi ya miezi sita ninayo." Nikakubali. Mimi nashona na kukodisha magauni ya harusi, simu yangu haitulii mchana na usiku, nikaiona kazi ndogo.

Siku ya pili tu nikaikuta kwenye ukurasa wa dalali mmoja. "MPYA SOKONI! Nyumba ya vyumba viwili, jiko, choo cha ndani, kisima. Wahi kabla haijaondoka." Picha zinang'aa, kuta nyeupe, na sebuleni pazia la rangi ya zafarani. Laki mbili na nusu kwa mwezi. Ilikuwa kumi la kwanza la Ramadhani, na nyumba nzuri wakati huo hazikai. Shemegi yangu akatuma 200,000 ya kuishika, nikampa dalali kwa mkono wangu, tukakubaliana twende kuiangalia baada ya Asri.

Nyumba kweli ilikuwa nyeupe, na rangi ilikuwa bado inanuka. Dalali anatutembeza haraka haraka, chumba hiki, chumba kile. Nikatoka nje kuangalia kisima, nikamkuta jirani, bibi wa makamo, anachota maji ya kufuturishia. Akanijibu salamu, akanitazama, akauliza, "Nyinyi ndio wa ngapi sasa?"

Nikamuuliza wa ngapi vipi. Akaniambia nyumba hiyo inaoneshwa watu tangu masika ya mwaka uliopita. Waliingia wapangaji mara moja tu, wakakaa miezi mitatu wakahama. Karo linafurika mvua ikinyesha sana, na ukuta wa chumba cha nyuma unanyonya maji kutoka chini. "Kila wakitaka mtu mpya wanapaka rangi," akasema, akajitwika ndoo yake akaenda zake.

Nilirudi ndani nikalitazama lile pazia. Dada zangu, fundi hasahau pindo baya. Pazia lilikuwa na upande mmoja mrefu kuliko mwengine, kama vidole viwili hivi, na nikajua nimeshaliona. Nilipofika nyumbani nikapekua ujumbe wa zamani kwenye WhatsApp. Ilikuwepo. Mteja wangu mmoja, bi harusi wa mwaka uliopita, aliniletea picha ile ile, sebule ile ile, akitaka nimpigie hesabu ya mapazia kwa sababu walikuwa wanataka kuhamia pale. Tarehe ya ujumbe ilikuwa miezi kumi na moja nyuma. Hawakuichukua, kwa sababu mama mkwe wake aliona ukuta umevimba.

Nikampigia dalali. Alinijibu bila hata kusita: "Dada, sikusema mpya ya kujengwa. Mpya kwenye ukurasa. Tangazo likizeeka watu hawalitazami, nalifuta naliweka tena. Kila mtu anafanya hivyo." Nami na funga yangu nikamjibu maneno ambayo nilitubia baadaye. Pesa yetu ilirudi kidogo kidogo, 120,000 katika 200,000, na iliyobaki mpaka leo tunaambiwa kesho. Mdogo wangu alilia. Zilibaki wiki tatu na hana pa kwenda.

Wenzetu wanavyoihesabu

Nina binti wa mama mdogo anayeishi Uingereza, anafanya kazi katika ofisi ya kuuza na kukodisha nyumba. Nikamrekodia malalamiko yangu yote, naye akanijibu kwa sauti za dakika saba saba, nikizisikiliza huku natia lesi kwenye gauni. Nilidhani ataniambia kwao mambo haya hayapo. Akacheka. Akasema yapo sana, ndiyo maana wakayawekea kanuni.

Kule, akasema, tovuti kubwa za nyumba huonesha chini ya tangazo lini nyumba iliwekwa, na kama bei imeshushwa huonesha ilishushwa lini. Mnunuzi akiona nyumba imekaa miezi minane anauliza kwa nini, na anapata nguvu ya kupatana bei. Hapo ndipo mawakala wengine hupata hila. Wanaifuta nyumba, wanaiweka upya kwa picha nyengine, hesabu inaanza siku ya kwanza. Nyumba ile ile inarudi juu kabisa ya orodha kama iliyoingia leo, na wanaosubiri nyumba mpya wanapata taarifa kwenye simu zao. Tovuti zinakataza kuweka kama mpya nyumba ambayo haikutoka sokoni kikweli. Na juu ya kanuni za tovuti ipo sheria ya nchi. Zilikuwepo kanuni za mwaka 2008 za kumlinda mnunuzi na biashara ya upotoshaji, na sasa ipo sheria ya mwaka 2024 iliyochukua nafasi yake. Kumpa mtu picha isiyo ya kweli, au kumficha jambo kubwa, mpaka akakata shauri ambalo asingelikata kama angejua, ni kosa. Kuifuta nyumba na kuirudisha ili ionekane mpya kunaweza kuingia humo.

Marekani nako wana utaratibu ulionifurahisha zaidi. Mawakala wa kila eneo huweka nyumba zao kwenye daftari la pamoja, na mara nyingi daftari hilo lina hesabu mbili. Ya kwanza ni siku za tangazo hili. Ya pili ni siku zote za nyumba yenyewe kuwa sokoni, tangazo moja likijumlishwa na jengine. Ukibadilisha wakala, hesabu ya kwanza inaanza upya, lakini ya pili inaendelea. Ili ile ya pili nayo ianze upya, nyumba lazima iondoke sokoni kweli kwa muda uliowekwa. Kila daftari lina muda wake. Pengine siku 30, pengine 60, pengine 90.

Nilisimamisha cherehani nikafikiri. Hesabu mbili! Dalali wetu alikuwa na hesabu moja tu, ya tangazo lake. Hesabu ya nyumba alikuwa nayo yule jirani wa kisimani.

Lakini ndugu yangu aliniambia na jambo la kumtetea muuzaji, na nimeliweka moyoni. Nyumba kukaa sana si lazima iwe mbovu. Pengine bei ilikuwa juu. Pengine mwenyewe yuko Muscat na ni mzito wa kujibu simu. Pengine ni nyumba ya urithi na ndugu hawajakubaliana. Siku nyingi humpa mnunuzi sababu ya kuuliza, basi, na muuzaji mkweli halikimbii suali. Anayezifuta siku anamnyima mwenzake nafasi ya kuuliza.

Baada ya kunyamaza kidogo ndugu yangu akasema, kwa ile sauti ya utani ya tangu utoto, "Na lile gauni lako la dhahabu, umeliingiza jipya mara ngapi?"

Gauni la dhahabu

Sikumjibu usiku ule.

Gauni lile nililishona mwenyewe, miaka miwili kabla ya haya. Satini ya rangi ya dhahabu, shanga nilizitia kwa mkono nyusiku kumi na moja. Bi harusi wa kwanza alilipenda, wa pili akalipenda, wa tatu akalitolea kasoro kuwa limeshaonekana. Basi nikabadilisha mikono. Nikafuta picha za zamani kwenye ukurasa wangu, nikapiga mpya, nikaandika, "JIPYA LIMEINGIA!" Baadaye nikabadilisha mkanda, nikaandika tena. Baadaye nikaongeza mkia, nikaandika tena. Wasichana tisa walilivaa, na wanne katika hao waliambiwa ni jipya.

Mmoja katika wale wanne sitamsahau. Usiku wa harusi, mbele ya watu, wifi yake alimshika kitambaa akasema, "Hili si ndilo alilovaa dada yetu?" Hakunijia na maneno. Mama yake ndiye aliyerudisha gauni. Akaliweka juu ya meza, akasema, "Ungetuambia tu, tungelikodi vilevile, lakini tungejua." Kisha akalipa iliyobaki mpaka shilingi ya mwisho. Bora angenigombeza.

Nilikuwa nimejipa majibu yangu zamani. Mikono ni mipya. Mkia ni mpya. Kwenye ukurasa ni jipya. Nilipoyasikia yale yale kwa dalali, nikaona uongo. Nilipoyasema mimi, niliona biashara.

Sote tumesoma chuoni habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya chakula, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyokinyeshea. Akaulizwa kwa nini asikiweke kilichorowa juu, watu wakakiona. Nimeisikia habari hiyo tangu niko mdogo na siku zote nilijiona mimi ni miongoni mwa wanunuzi. Haikunipitikia kuwa naweza kuwa mwenye chungu. Ule ukuta uliopakwa rangi na ile mikono yangu mipya vilikuwa nafaka kavu iliyowekwa juu.

Nilichobadilisha

Sasa kila gauni lina ukurasa wake kwenye daftari: lilishonwa lini, limevaliwa na maharusi wangapi, limebadilishwa nini. Majina siandiki, hiyo ni siri ya watu. Anayetaka kukodi namuonesha kabla hajalipa. Bei nazo nimezipanga: anayelizindua gauni analipa 250,000, kuanzia wa pili mpaka wa tano 150,000, wa sita na kuendelea 80,000. Picha za zamani sifuti. Nikibadilisha mikono naandika "limebadilishwa mikono", basi. Neno jipya nimeliwekea gauni ambalo halijavaliwa.

Sitawadanganya kuwa baraka ilimiminika siku ile ile. Mfunguo Mosi wa kwanza nilipoteza wateja, wengine walinifuata mpaka dukani, wakasoma daftari, wakaenda kwa jirani yangu ambaye kila gauni lake ni jipya. Pato lilishuka, na mume wangu aliniuliza kama nina hakika. Lakini wale wa 80,000 sikuwahi kuwa nao kabla. Wapo mabinti wengi ambao mahari yao ni ya wastani na baba zao hawana, wanalifahamu gauni limevaliwa mara saba na wanalichukua kwa furaha. Gauni la dhahabu limeshafika la kumi na nne.

Kwa anayetafuta nyumba ya kuanzia maisha

Haya ni yale niliyojifunza kwa 80,000 yetu iliyopotea:

1. Uliza hesabu zote mbili. Usiulize tu tangazo limewekwa lini. Uliza nyumba yenyewe inatafutiwa mtu tangu lini, nani aliyekaa mwisho, alitoka lini na kwa nini.
2. Ukipenda nyumba mtandaoni, hifadhi picha pamoja na tarehe, na uwatumie mashoga zako. Pengine mmoja wao ameshaiona mwaka jana.
3. Msalimie jirani kabla ya kutoa pesa. Usimpeleleze, mwambie tu mnataka kuhamia. Atakayokwambia hayamo kwenye tangazo lolote.
4. Nenda siku ya pili baada ya mvua kubwa. Gusa ukuta karibu na sakafu na nyuma ya kabati. Rangi mbichi katika chumba kimoja tu ina sababu yake.
5. Usitoe pesa ya kuishika nyumba kabla hujaiona na kabla hujazungumza na mwenye nyumba. Ukitoa, andikiana, na iandikwe kama itarudi na lini.

Na wewe unayeuza au kukodisha, nyumba, gauni, viti vya harusi au vyombo, kanuni yangu ni fupi: nyumba ikipata mpangaji, akakaa, akatoka, sema iko wazi tena. Ikifanyiwa matengenezo ya kweli, taja kilichotengenezwa. Ikiwa imekaa tu, acha tarehe yake mahali pake na ushushe bei.

Mdogo wangu alipata nyumba Fuoni siku nne kabla ya harusi. Dalali wa pili alituambia kabla hatujauliza: "Hii ina miezi mitano haijapata mtu. Maji ya bomba yanatoka usiku tu, na mwenyewe hapunguzi." Hakupunguza kweli. Waliichukua hivyo hivyo, wakanunua tangi, na mpaka leo wapo, na mtoto wao ameanza kutambaa kwenye sakafu ile.

Juma lililopita yule mama aliyerudisha gauni la dhahabu alikuja dukani. Ana binti mwengine anaolewa. Akaomba daftari, akavaa miwani, akasoma ukurasa mmoja mmoja bila kusema neno. Kisha akaweka kidole kwenye gauni lililovaliwa mara tatu, akasema, "Hili."

Allah azitie baraka nyumba zenu na biashara zetu, na atuepushe na pato la kuficha. Amin.