Barua kutoka London: Michoro Mingapi Mezani?

Mjomba,

Huku saa kumi jioni giza linaanza kutanda, nami natafuna michembe ya mwisho uliyonifungia huko nyumbani Lingeka. Wenzangu ofisini wanadhani ni magome ya mti. Sijawasahihisha, isije ikaisha.

Uliniuliza kwenye simu mteja namwonyesha michoro mingapi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilionyesha tisa. Mwenye duka la mikate alitaka nembo; nikakesha siku mbili, nikamtandazia zote kama mitumba ya mnadani, nikijiona hodari. Akashika kidevu. Akauliza: herufi za mchoro wa pili haziwezi kukaa juu ya suke la ngano la ule wa saba, kwa rangi ya wa nne? Nikaunganisha. Nembo ile bado ipo mlangoni pake, na mimi hupitia ng'ambo ya barabara.

Kinachoniuma ni kwamba huo wa saba niliuchora ili kujaza meza tu.

Mwaka 1986 Steve Jobs alimwomba mchoraji Paul Rand nembo ya kampuni yake mpya, NeXT, akataka aletewe kadhaa achague. Rand alikataa. Alileta moja, ndani ya kijitabu kilichoeleza hatua kwa hatua alivyoifikia, akalipwa dola 100,000. Watu husimulia zile dola. Mimi nakitamani kile kijitabu. Lakini tusidanganyane: mwaka 1971 Carolyn Davidson, akiwa bado mwanafunzi, alionyesha michoro kadhaa ya nembo ya Nike. Wenyewe wakachukua ule unaofanana na alama ya vema bila kuupenda sana, wakamlipa dola 35. Leo dunia nzima inaujua.

Jibu lipo kwenye cherehani yako: ukutani una bango limejaa mishono, ila mama akiingia na kitenge chake hulitazami. Unauliza ni cha kanisani au cha harusi, unampima, unashika chaki, unamwambia: huu. Akikataa ndipo unamwonyesha wa pili. Mimi hayo maswali nilikuwa nayauliza baada ya kuchora.

Jumatatu nina mteja mpya, mwenye saluni. Nilikwenda kukaa kwake saa mbili nzima kabla ya kushika kalamu. Daftarini kuna michoro 11. Nabeba miwili.

Nisalimie wote, na viazi vikianikwa usinisahau.