Tafuta Kliniki Kabla ya Jina la Daktari

Igwachanya, Wanging'ombe

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imefika, na nimeona unavyohangaika kumpata daktari bingwa wa moyo wa Dar es Salaam anayepokea kadi ya bima ili umpeleke mama yako. Hangaiko hilo ni la haki kabisa. Lakini swali lenyewe ndilo linalowamalizia watu nauli. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001, mkataba wake ni na kituo cha tiba. Bingwa mmoja anaweza kumtibu mgonjwa kwa kadi asubuhi, akiwa kwenye ajira yake katika hospitali ya umma, na jioni ukamkuta kwenye hospitali binafsi isiyo na mkataba, ukadaiwa taslimu. Daktari ni yule yule, mlango ndio tofauti. Kwa hiyo uliza kwanza: ni hospitali gani yenye mkataba, ina kliniki ya ugonjwa huu, na kliniki hiyo ni siku gani?

Ukiuliza hivyo, majibu hayakawii. Moyo una Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale pale Muhimbili. Mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Saratani ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Huko mabingwa ni waajiriwa, na aliye zamu kwenye kliniki ndiye atakayemwona mwenye bima. Ila taasisi hizi ziko kileleni mwa ngazi inayoanzia zahanati, ikapita kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa na ya kanda. Mgonjwa asiye wa dharura anazifikia kwa rufaa. Sisi tunaanzia hapa wilayani, Hospitali ya Ilembula ikiwemo, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Njombe, na hospitali ya kanda yetu iko Mbeya. Kutoka mji jirani wa Makambako, Mbeya ni karibu mno ukilinganisha na zaidi ya kilomita 600 za Dar es Salaam. Daktari wa mkoa akiona Mbeya inatosha, msikilize.

Utaniambia rufaa inachelewesha. Kweli, inachukua siku, na kwa mgonjwa anayebanwa na pumzi siku ni nyingi. Lakini dharura haisubiri karatasi: hali ikibadilika ghafla, mkimbize hospitali iliyo karibu, wao watampa huduma ya kwanza na kupanga safari wenyewe. Kwa ugonjwa wa muda mrefu, kinachochelewesha zaidi ni kufika dirisha la bima ukarudishwa. Tena barua ya rufaa inabeba vipimo vilivyokwisha kufanyika na dawa anazotumia, na bingwa asiyemjua mama yako anahitaji hayo kabla ya kumgusa.

Wapo watakaokushauri uende moja kwa moja hospitali kubwa binafsi, kwa kuwa foleni ni fupi na lugha ni laini. Siwabezi, nyingine zina mkataba na zinatibu vizuri. Ila kumbuka Machi 2024, kitita kipya cha mafao na bei zake kilipoanza kutumika, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha huduma kwa wenye kadi za Mfuko kwa sababu ya mvutano wa malipo. Mgonjwa aliyekuwa na miadi hakuwa na kosa lolote, na aliumia. Ukiamua kwenda huko, piga simu siku chache kabla ya safari, uulize kama kadi inapokelewa kwa kliniki ile na kwa vipimo vile. Kumwona daktari na kupigwa picha ya moyo ni vitu viwili mbele ya bima.

Jambo la kadi ndilo nakuomba ulishike kuliko yote. Kama mama bado yumo kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF), ule uliokuwa wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, mpango huo uliwekwa uishie hospitali ya rufaa ya mkoa, Muhimbili hautamfikisha. Wewe ni mwalimu, unakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3, na mzazi anaweza kuandikishwa kuwa mtegemezi wako kama nafasi ipo. Fanya hilo kabla ya kukata tiketi. Kisha linganisha majina herufi kwa herufi kwenye kadi, kitambulisho cha taifa na barua ya rufaa. Jina Mligo likiandikwa Mlingo kwenye karatasi moja, dirishani kuna maswali, na mama yako atayasubiri akiwa amesimama.

Kabla hamjasafiri, kumbuka pia kuwa tangu 2024 madaktari bingwa wa Rais Samia wamekuwa wakifika kwa kambi kwenye hospitali za halmashauri. Mwulize Mganga Mkuu wa Wilaya kama wanatarajiwa, na mabingwa wa fani gani.

Jumatatu mpeleke kliniki hapa wilayani na vyeti vyake vyote. Nauli ya Dar es Salaam iache kwanza benki.

Mjomba wako